Watu sita, gari moja: CX-5, Wish, Sienta, Freed au Noah?

Swali: Tunaishi Kisumu, upande wa Mamboleo. Tuna watoto watatu: wa miaka 7, wa miaka 4 na wa miezi 9. Kila mwisho wa mwezi tunaenda nyumbani Hamisi, na mara nyingi tunakwenda na mama mkwe. Kilomita tatu za mwisho ni udongo mwekundu, tena ni mlima. Tumeweka akiba ya milioni 1.6. Baba watoto anataka Mazda CX-5, dada yangu anasema hakuna kama Wish, mimi macho yako kwa Sienta. Tushike lipi?

Jibu: Dada, tuhesabu vichwa kabla ya kuhesabu pesa. Wewe na mumeo ni wawili, watoto watatu, mama mkwe mmoja. Sita. CX-5 zinazouzwa hapa zina mikanda mitano. Ni gari zuri na liko juu, lakini siku ya kwenda Hamisi itabidi mmoja apakatwe, na atakayepakatwa ni yule mchanga. Mtoto wa kilo 9 gari likigonga kwa mwendo wa 50 hutupwa mbele kwa nguvu inayozidi kilo 200. Hakuna mikono ya mama inayoweza kuzuia hiyo. Mwambie Baba watoto ladha yake si mbaya, ila hesabu imemkataa.

Hata mngekuwa watano, magari ya aina hiyo huwabana wenye watoto watatu wadogo. Kiti cha mtoto cha kawaida kina upana wa karibu sentimita 44. Ukipanga viwili kando kando ya siti ya nyuma, wa tatu anabaki na upenyo ambao mkono wako haupiti kufikia kifungo cha mkanda. Safari ya shule saa kumi na mbili na nusu asubuhi si wakati wa kupigana na kifungo.

Basi mnahitaji safu tatu. Hapo ndipo wengi hukosea: wanasoma «siti saba» kwenye tangazo na kuridhika. Suala si siti ngapi. Suala ni je, viti viwili vya watoto vikishafungwa safu ya pili, mtu atafikaje safu ya tatu?

Chukua Sienta, hiyo unayoipenda. Ile ya kizazi kilichozinduliwa Japani mwaka 2015 ni gari la akili: milango ya nyuma ya kuvuta kama ya matatu, sakafu ya chini ambayo mtoto wa miaka 4 anapanda mwenyewe, injini ya 1.5 isiyokunywa sana. Lakini ili mtu aingie safu ya tatu, siti ya safu ya pili lazima ikunjwe na kupinduliwa mbele. Siti iliyofungwa kiti cha mtoto haipinduki mpaka ukifungue. Ukiwa na mchanga upande wa kulia na wa miaka 4 upande wa kushoto, umeziba njia zote mbili. Wa miaka 7 atapitia buti, akikanyaga mizigo.

Kuna namna ya kuzunguka tatizo hilo. Mchanga anakaa nyuma ya dereva, mama mkwe upande wa kushoto wa safu ya pili, na hao wawili wakubwa wanaingia nyuma kabisa kabla bibi hajaketi. Lakini utakuwa unajipinda mpaka safu ya tatu kumfunga wa miaka 4 mikanda ya mabegani, na hapo ni lazima kitabu cha kiti chake kiruhusu kifungwe kwa mkanda wa gari, kwa kuwa ndoano za Isofix, zile za kushikia kiti cha mtoto bila mkanda wa gari, katika magari haya huwa safu ya pili tu, pembeni. Miaka miwili mitatu ijayo, huyo akishahamia busta (kiti cha kumwinua mtoto mkanda wa gari umkae vizuri), Sienta itawafaa bila shida. Leo itawachosha.

Tena, kuanzia mwaka 2018 kuna Sienta za siti tano, na matangazo hayasemi. Fungua buti, hesabu.

Wish nitaipitia haraka. Dada yako hajakosea kuhusu injini, 1.8 yake ni ngumu na spea zake ziko kila mahali. Shida ni mbili. Milango yake hufunguka kwa nje kama ya gari dogo, na kwenye maegesho ya soko utakuwa unamwingiza mtoto mchanga kupitia ufa. Ya pili ni umri: Toyota iliacha kuiunda mwaka 2017. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo mwaka 2026 mpaka ni magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza 2019 na kuendelea. Wish yoyote utakayoonyeshwa sasa imeshatembea kwenye barabara zetu, na nyingi zimetembea kama teksi.

Yanabaki mawili. Honda Freed ya siti sita, ile ya kizazi kilichozinduliwa Septemba 2016, ina siti mbili zilizotengana safu ya pili, na njia ya kupita katikati. Viti vyote viwili vya watoto vinabaki mahali pake, na wa miaka 7 anapita katikati mpaka nyuma bila kumgusa mtu. Kwa familia yenu mpangilio huu ndio sawasawa. Injini ni 1.5, na hilo lina faida bandarini, maana ushuru wa gari la petroli hupanda injini ikizidi sisi 1500. Angalia tu usiuziwe ya siti saba, ambayo safu yake ya pili ni benchi, wala Freed+ ambayo haina safu ya tatu. Ya haibridi muiogope kidogo: giaboksi yake ni ya klachi mbili, na fundi anayeijua vizuri si wa kumpata kila kona ya Kisumu. Chukua ya petroli tupu.

Noah, au ndugu yake Voxy, ya kizazi cha 2014 hadi 2021, nayo ina njia hiyo hiyo katikati, mradi uchukue ya siti saba. Ya siti nane ina benchi safu ya pili, na watu huikimbilia wakidhani siti moja ya ziada ni bahati. Kwenu ni hasara. Noah ina nafasi ya kichwa, ina ubaridi wa nyuma wenye matundu yake (na joto la Kisumu la mwezi wa pili halina mzaha kwa mtoto anayetazama nyuma), na buti yake, safu zote zikiwa wima, inameza kigari cha mtoto na mabegi.

Kilichonifanya niipime zaidi Noah ni hizo kilomita tatu zenu. Freed tupu ina sentimita 13.5 tu kutoka chini ya tumbo hadi ardhini, Sienta 14.5, Noah karibu 16. Tia watu sita, mabegi, halafu mkirudi mkungu wa ndizi na debe mbili za mahindi, nyuma inashuka sentimita tatu hadi tano. Freed itakwaruza tuta la kwanza. Injini nayo ina neno lake. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kila mita 100 unazopanda juu ya usawa wa bahari. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo hata hapo stendi umeshapoteza sehemu ya kumi. Kuanzia Kiboswa kupanda Majengo hadi Chavakali, injini ya 1.5 yenye watu sita na ubaridi umewashwa italia kwa mzunguko wa juu muda mrefu, na giaboksi ya CVT, ile otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia, inapata moto. Si kwamba haifiki. Inafika, ila inazeeka njiani. Mkipanga kwenda Nakuru kupitia Mau Summit, kule juu ya mita 2,500, tofauti ya 2.0 na 1.5 mtaisikia kwenye kila lori mtakalotaka kulipita.

Gharama ya Noah iko kwenye mafuta. Mkitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, Noah ya 2.0 ikila lita moja kwa kilomita 10 za mchanganyiko wa mji na safari, hizo ni lita 100. Freed au Sienta kwa kilomita 14 ni lita 71 hivi. Tofauti ni lita 29. Ukiweka shilingi 180 kwa lita, ni kama 5,200 kila mwezi. Na kwa pesa zenu, Freed au Sienta mtaipata ikiwa changa zaidi. Noah itakuwa ya mwanzo wa kizazi hicho, tayari imetumika Kenya.

Ningekuwa nachagua kwa niaba yenu: Noah au Voxy ya siti saba, petroli, ya mwenye mmoja aliyeitumia kwa familia. Kama safari ya Hamisi ingekuwa lami mpaka mlangoni, ningesema Freed bila kusita.

Hilo la «aliyeitumia kwa familia» si maneno ya kupamba. Noah, Voxy, Sienta na Wish ndizo zinazobeba abiria kati ya miji huku magharibi, ndiyo maana spea zake hazikosi. Ubaya ni kwamba zikichoka, hupakwa rangi zikapelekwa yadi. Namna ya kuitambua: linganisha milango miwili ya nyuma. Abiria wetu hupandia kushoto, kwa hiyo mlango wa kushoto ukiwa umelegea, reli yake imelika na kizingiti kimekwaruzwa hadi chuma, huku wa kulia ukiwa kama mpya, hilo lilikuwa matatu. Inua zulia utafute matundu ya bolti za siti ya ziada. Tazama mpira wa pedali ya breki: ukiwa umelika hadi ukang'aa kwenye gari linalodai kilomita 80,000, dashibodi inakudanganya. Upande wa nje, gari likisimama kwenye mwanga wa jua la jioni, alama ya mstari wa njano uliobanduliwa huonekana chini ya rangi.

Milango ya umeme ijaribuni kwa uzito wake, kwani ndicho kitu cha kwanza kuharibika na ndicho mtakachotumia kila siku. Fungua na ufunge mara kumi mfululizo kila upande, mara tano kwa kitufe na tano kwa kishikio. Sikiliza. Mkwaruzo wa chuma ni kebo inayochanika. Kusimama katikati ni mota inayochoka au reli iliyojaa mchanga. Halafu weka katoni iliyokunjwa kwenye njia ya mlango ukiwa unajifunga: lazima uguse na kurudi nyuma. Usioweza kurudi utabana vidole vya mtoto. Mafundi wengi huitenganisha mota mlango ukabaki wa mkono, na hiyo si dhambi, mradi bei ipungue. Usisahau kufuli ya mtoto, kile kidude kidogo kwenye ukingo wa mlango: kiweke, funga, halafu jaribu kufungua kwa ndani.

Kwa CVT, kaa na gari likiwa baridi kabisa. Ukifika yadi ukakuta injini imeshapashwa moto, rudi kesho asubuhi bila kutoa taarifa. Weka D ukikanyaga breki; likikawia zaidi ya sekunde moja kisha likaruka, ondoka. Peleka mlimani kwa mwendo wa 40 hadi 60: kutetemeka kama gari linalopita juu ya matuta ya shamba la muwa, au mlio wa nyuki unaopanda na mwendo, ni giaboksi inayokufa. Uliza mafuta ya giaboksi yalibadilishwa lini na kwa yapi. Toyota hutaka mafuta ya CVT yaitwayo Fluid FE, Honda hutaka HCF-2. Kuna gereji zinazotia ATF, mafuta ya giaboksi za otomatiki za kawaida, kwa sababu ni ya bei rahisi, na mkanda wa ndani huanza kuteleza. Kwa milima na mizigo yenu, yabadilisheni kila kilomita 40,000, msisubiri zaidi.

Mkipenda lile linalotoka Japani moja kwa moja, dai karatasi ya mnada na uhakikishe namba ya chesi inalingana. Daraja la R au RA lina maana liligongwa likatengenezwa. Vuta kila mkanda wa siti hadi mwisho wake; matope au madoa ya maji kwenye sehemu iliyojificha yanasema gari lilizama. Inua kifuniko cha shimo la spea tairi pia. Na hapo kuna mshangao mwingine: Freed na Sienta nyingi huja bila spea tairi kabisa, zina kopo la dawa na pampu ndogo. Dawa hiyo haizibi tairi lililochanwa ubavuni na jiwe. Lipieni spea mapema, msingoje kuitafuta saa mbili usiku mkiwa Shamakhokho.

Kwa gari lililotumika hapa, pesa isitoke kabla ya kutafuta rekodi zake za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen. Jina la mwenye gari lilingane na kitambulisho cha anayeuza, na rekodi ionyeshe kama kuna benki au chama cha akiba kinacholishikilia. Logibuku ya kuonyeshwa kwenye simu si logibuku.

Msiimalize milioni 1.6 yote kwenye bei. Tengeni angalau 160,000. Matairi manne ndiyo yatakayoanza kula. Soma tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi lililozidi miaka sita linaweza kuwa na nyufa hata kama meno yapo. Noah nyingi huvaa 195/65R15. Namba inayofuata hapo iwe 91 au zaidi, ambayo ni kilo 615 kwa tairi moja. Muuzaji akikuletea ya namba ndogo kwa bei nafuu, ni ya gari jepesi. Upepo wa tairi mkiwa mmejaa usomeni kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, msimsikilize kijana wa petroli anayetia 40 kila gari.

Tengeni pia ya bamba la chuma chini ya sampo, lile bakuli la mafuta ya injini, na springi nzito za nyuma kama gari linainama. Fundi atakushauri speisa za kuinua gari. Inchi moja hivi linavumilia, zaidi ya hapo ekseli za mbele zinafanya kazi kwa pembe mbaya, mpira wake unapasuka, na alainimenti haikai. Springi nzito hubeba mzigo. Speisa huinua tu sura ya gari.

Huo mlima wa Hamisi wakati wa mvua: Noah ya kawaida huvutwa na magurudumu ya mbele, na watu wakikaa nyuma, pua inakuwa nyepesi ndipo inateleza. Zimeni kitufe cha kuzuia mtelezo magurudumu yapate kuzunguka na kujisafisha tope, pandeni polepole bila kusimama. Wakubwa wakishuka huwa kunatosha. Wapo wanaopanda kinyumenyume, na ukifikiri vizuri si wendawazimu: uzito mwingi unaangukia magurudumu yanayovuta. Lakini kwa watoto ndani, mtu mzima asimame nje aongoze.

Sasa viti vyenyewe, maana gari bila viti ni nusu ya kazi. Wa miezi 9 atazame nyuma, na aendelee hivyo angalau mpaka miezi 15, bora hata zaidi kama kiti kinamruhusu. Asiwekwe mbele kamwe penye mfuko wa hewa unaofanya kazi: ukifumka unakipiga kiti kutoka nyuma ya kichwa chake. Mikanda yake ya mabegani itokee usawa wa bega au chini kidogo. Wa miaka 4 atazame mbele na mikanda yake itokee usawa wa bega au juu kidogo. Wa miaka 7 apate busta, akae safu ya tatu penye mkanda wa kupita begani, mpaka afike urefu wa karibu sentimita 150. Kiti kikishafungwa, kishike pale mkanda unapopita ukitikise: kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, hakijafungwa. Bana mkanda wa bega wa mtoto kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo, kaza.

Viti vya mtumba nunueni kwa masharti haya: kibandiko cha rangi ya machungwa chenye herufi E ndani ya duara na maandishi R44/04 au R129 kipo, tarehe ya kutengenezwa inasomeka, plastiki ya chini haina ufa wala weupe wa kupindika. Kiti usichojua kilikotoka kinaweza kuwa kilishagongwa, na ufa wa ndani hauonekani. Cha mchanga nunueni kipya.

Siku ya kwenda yadi, bebeni viti vyote, kigari cha mtoto, na mama mkwe mwenyewe kama magoti yake yanaruhusu. Fungeni viti, ketini wote sita kila mtu mahali pake, fungeni milango, kisha mwambieni wa miaka 7 atoke nyuma bila msaada. Muuzaji akinung'unika kwamba mnachukua muda, kuna yadi nyingine mbele.